SEHEMU YA 6: JINA LILILOANDIKWA KWENYE CHUPA YA DRIPU

Kuna swali naulizwa sana hapa Kolo mtoto akitundikiwa dripu: "Nesi, si maji tu hayo?"

Siyo maji tu. Soma chupa: Ringer Lactate. Ringer ni jina la mtu.

Sydney Ringer alikuwa daktari London. Mwaka 1882 aliweka moyo wa chura kwenye maji ya chumvi, ukaendelea kudunda. Alidhani maji yale hayana madini mengine. Baadaye akagundua yalikuwa ya bomba! Alipotumia maji yasiyo na madini kabisa, akatia chumvi ileile, moyo ulidhoofika. Mwaka 1883 akaandika kosa lake wazi: moyo unahitaji pia kalsiamu, tena na potasiamu kwa kipimo. Kalsiamu inausaidia moyo kujikaza, potasiamu inausaidia kulegea. Ikizidi au ikipungua, mapigo yanavurugika.

Miaka ya 1930, daktari wa watoto huko Marekani, Alexis Hartmann, akaongeza lakteti kwa ajili ya watoto ambao damu yao imezidi asidi, wakiwemo wanaoharisha. Ndiyo chupa tunayotundika leo.

Sasa michezo inaingiaje? Mtoto akikimbia, potasiamu hutoka kwenye misuli na kuingia kwenye damu, akipumzika inarudi. Moyo mzima unamudu. Lakini mtoto aliyeharisha jana, leo akapelekwa mazoezi ya UMITASHUMTA juani, anakimbia akiwa ameshapoteza maji, chumvi na potasiamu. Jamani, huyo apumzike kwanza. Mwandikie mwalimu, ataelewa.

Kwa mtoto mzima, mazoezi ya kawaida yanataka maji na chakula chetu cha kila siku: ugali, maharage, mboga, ndizi. Anayeharisha apewe ORS, na maji yapimwe kama pakiti inavyosema. Ukizidisha maji umeipunguza nguvu, ukipunguza maji chumvi inazidi. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Na hili msilisahau: mtoto akizimia katikati ya kukimbia, au akisema moyo unarukaruka, mleteni hospitali siku hiyohiyo, hata kama ameshaamka na anacheka.

Ringer alikosea sababu ya maji ya bomba, akakubali, akarudia kazi. Na sisi tukikosea kipimo cha ORS, tumwage, tuchanganye upya.

Sehemu ya 7 nitaleta historia ya hiyo pakiti ya ORS. Usiku mwema.