Viungo na Mimea ya Ladha katika Mapishi ya Issuna

Issuna ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kwenye barabara iendayo Manyoni. Iko katika nchi ya Wanyaturu, yenye msimu mmoja wa mvua unaokoma Aprili. Ukavu wa miezi inayofuata ndio uliounda mapishi ya huku: mboga huchumwa kwa wingi wakati wa mvua, kisha huanikwa ili zifae mwaka mzima.

Msingi wa kale ni mlenda. Majani ya mimea kadhaa ya porini hukaushwa, hutwangwa na kuwekwa akiba. Ukipikwa kwa magadi, mlenda huvutika na kuteremsha vizuri ugali wa uwele au mtama. Karanga zilizotwangwa huongeza mafuta na ladha. Magadi huyalainisha majani upesi, lakini yana sodiamu nyingi, hivyo mwenye shinikizo la damu hana budi kuyapunguza.

Uchachu hutoka kwenye ukwaju na ubuyu. Ukwaju una asidi ya tatariki, hukoleza mchuzi na uji, na hulainisha choo. Mibuyu hustawi zaidi nyanda za chini kuelekea Dodoma. Unga wa matunda yake una vitamini C na nyuzinyuzi. Kwa kuwa moto huiharibu vitamini hiyo, ni bora unga utiwe kwenye uji ulioepuliwa. Unga huo wa ubuyu, chakula cha wachungaji na watoto, uliruhusiwa rasmi katika soko la Umoja wa Ulaya mwaka 2008 tu.

Viungo vya harufu kali vina historia nyingine. Pilipili manga na hiliki asili yake ni kusini mwa India, mdalasini Sri Lanka, na karafuu visiwa vya Maluku. Karafuu ilianza kupandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ikaenea chini ya Sultani Seyyid Said. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba ikashika nafasi ya kwanza. Wakati huo misafara ya biashara kati ya Bagamoyo na Tabora ilipita kusini mwa Issuna, katika pori la Mgunda Mkali. Baadaye Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikapita Manyoni. Bidhaa za pwani zikawa na njia nyepesi ya kuingia bara. Leo hiliki, mdalasini na tangawizi hutiwa chai, na bizari ya pilau hutumika kwenye sherehe.

Mazao mawili yaliyotoka mbali yamekuwa fahari ya mkoa: vitunguu vyekundu na alizeti, ambayo asili yake ni Amerika Kaskazini. Mbegu za alizeti hukamuliwa mafuta ya kupikia, na mashudu hulishwa mifugo. Kitunguu kilichokaangwa katika mafuta hayo sasa ndicho mwanzo wa mboga nyingi.

Katika tiba, baadhi ya matumizi yana sababu zinazojulikana. Mafuta ya karafuu yana eujenoli, inayotuliza maumivu ya jino, na tangawizi hupunguza kichefuchefu. Mwarobaini, mti uliotoka Asia ya Kusini, hufukuza wadudu waharibifu, lakini mafuta ya mbegu zake yakinywewa ni sumu kwa mtoto mdogo, na majani yake hayachukui nafasi ya dawa ya malaria.

Kupambanua hayo ni kazi ya utafiti. Kitengo cha dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974 na kikawa taasisi kamili mwaka 1991. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002. Maarifa ya mama wa Issuna juu ya majani ya mlenda, namna ya kuyatambua, kuyaanika na kuyatunza, yanastahili kuandikwa kwa uangalifu uleule, kwa sababu ndiyo yaliyolisha kaya za nchi hii miaka ya ukame.