Masafa: umbali, urefu wa wimbi au idadi ya mitetemo?

Masafa (nomino, ngeli ya YA-YA) ni neno lenye asili ya Kiarabu, na maana yake ya msingi ni umbali kati ya mahali na mahali. Maana hiyo ndiyo iliyomo katika "mbio za masafa marefu" na "kombora la masafa ya kati", wala haimtatizi mtu. Utata huanza neno linapoingia katika fizikia na mawasiliano, kwa kuwa huko limebebeshwa maana mbili ambazo moja ikipanda, nyingine hushuka.

Kitu chochote kinachokwenda na kurudi kwa mpigo ule ule, iwe pembea ya watoto au uzi wa ligombo, ala ya Wahehe wa Iringa, kina mambo mawili ya kupimwa. La kwanza ni ukubwa wa mtetemo, yaani kitu kinafika mbali kiasi gani kutoka mahali pake pa utulivu. La pili ni idadi ya mitetemo kamili katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi. Mtetemo ukisambaa hewani, majini au ardhini huwa wimbi, na hapo huongezeka kipimo cha tatu: urefu wa wimbi. Katika maji, huo ni umbali kutoka kilele kimoja hadi kinachofuata. Katika sauti, ni umbali kutoka msongamano mmoja wa hewa hadi mwingine. Ukizidisha idadi ya mitetemo kwa urefu wa wimbi, unapata kasi. Kwa hiyo, kasi isipobadilika, mitetemo ikiongezeka wimbi hufupika.

Sasa itazamwe lugha ya redio. Enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, wasikilizaji walizoea "masafa ya kati" na "masafa mafupi". Katika semi hizo "masafa" ni urefu wa wimbi: mawimbi ya bendi ya mita 49 hutetema takriban mara milioni 6 kwa sekunde. Lakini Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania inapogawa masafa, au kituo cha FM kinapotaja masafa yake kwa megahezi, neno limegeuka kuwa idadi ya mitetemo. Ndiyo maana "masafa mafupi" ya jana ni "masafa ya juu" ya leo. Mwanafunzi anayekutana na sentensi "masafa yakiongezeka maradufu" bila ufafanuzi anaweza kutoa majibu mawili yaliyo kinyume, na yote yakawa halali kwa Kiswahili.

Maana ya umbali nayo haijalala. Msikiaji wa "redio ya masafa mafupi" hudhani kwamba ni redio isiyofika mbali, ilhali mambo ni kinyume. Mawimbi hayo hurudishwa ardhini na tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, na kwa njia hiyo huvuka mabara. Mawimbi ya FM ya megahezi 100, yenye urefu wa mita 3 tu, kwa kawaida hayarudishwi na tabaka hilo; husafiri karibu kwa mstari ulionyooka na hupinda kidogo tu yanapokutana na kizuizi. Katika Nyanda za Juu Kusini jambo hili si la nadharia. Mji wa Mbeya umezungukwa na milima, Loleza ikiwa karibu kabisa, na mbele yake Rungwe unapanda hadi karibu mita 2,960. Bonde lililofichwa nyuma ya mlima linaweza kukosa matangazo ya mnara ulio karibu na bado likapata kituo cha nje ya nchi kwa masafa mafupi.

Je, muktadha hauwezi kumwokoa msomaji? Si kila mara. Sauti nzito ya hezi 110 katika hewa ya nyuzijoto 20 ina wimbi la mita 3.1, karibu sawa na lile la FM lililotajwa, ingawa la FM hutetema takriban mara milioni moja zaidi. Isitoshe, urefu wa wimbi hubadilika pamoja na hewa yenyewe. Sauti hukimbia karibu mita 337 kwa sekunde katika usiku wa Mbeya wa nyuzijoto 10, na karibu mita 349 katika mchana wa pwani wa nyuzijoto 30. (Tofauti hiyo huletwa na joto, si mwinuko, kama inavyodhaniwa mara nyingi.) Urefu wa wimbi hubadilika vivyo hivyo, idadi ya mitetemo hubaki ile ile.

Kosa la jamaa moja na hili limo katika usemi "sauti ya juu". Wengi hulitumia kwa sauti kubwa, ambayo hutokana na ukubwa wa mtetemo. Walimu wa muziki hulitumia kwa sauti nyembamba, ambayo hutokana na wingi wa mitetemo. Kiswahili cha kila siku kimeshatatua tatizo hili: kubwa na ndogo ni nguvu, nyembamba na nzito ni mitetemo. Kwa wanaisimu, kipimo hiki cha pili ndicho kidatu. Kihehe hutumia kupanda na kushuka kwa kidatu katika mfumo wake wa toni, ilhali Kinyakyusa, jirani yake wa Rungwe na Kyela, kimepoteza toni kama Kiswahili. Mfasiri atakayeandika "toni ya juu" kwa maana ya sauti kubwa atakuwa amepotosha sarufi ya Kihehe nzima.

Katika maandishi ya kitaaluma, inafaa "masafa" yaachiwe idadi ya mitetemo, kwa kuwa ndiyo maana iliyokwisha kuingia katika lugha rasmi ya mawasiliano, na kipimo kitajwe mara ya kwanza neno linapotokea: "masafa ya hezi 440". Kwa maana nyingine iandikwe "urefu wa wimbi", bila kufupisha. "Masafa mafupi" na "masafa ya kati" ni majina ya bendi yaliyozoeleka na hayana haja ya kusahihishwa, ila katika kitabu cha shule yaambatane na mita zake. Vivumishi navyo vitenganishwe: masafa huwa ya juu au ya chini, urefu wa wimbi huwa mrefu au mfupi. Anayeandika "masafa marefu" katika somo la sauti bado hajachagua anachopima.

Linganisha: kidatu, mtetemo, mwangwi, wimbi.