Kache si akiba

Wako wanaoiita kache "akiba". Neno ni zuri, ila linakuja na methali yake: akiba haiozi. Kache huoza. Ndiyo maana kanuni za kache ya HTTP, ambazo toleo lake la sasa ni RFC 9111 ya mwaka 2022, zinahangaika sana na umri wa jibu.

Mtu wa Masama, Kilimanjaro, ana neno lililo karibu zaidi: nduwa, bwawa dogo linalokusanya maji ya mfongo (mfereji wa umwagiliaji) usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe kwenda vihambani, yaani kwenye mashamba ya nyumbani. Maji hayo hayawekwi kwa ajili ya mwakani, yanangoja zamu. Kache nayo ni nakala ya jibu la seva iliyowekwa karibu na msomaji, kwenye simu yake au kwenye seva ya njiani, ili ombi lijalo lisisafiri tena hadi chanzo. Lakini nduwa ni neno la Kichaga, na msomaji wa Lamu hataling'amua. Tubaki na kache.

Seva huipa kache maagizo kupitia kichwa cha jibu kiitwacho Cache-Control. Tuseme huduma inatoa bei za mnada wa kahawa wa Moshi. Ikiandika max-age=3600, nakala inahesabiwa kuwa nzima kwa saa moja, na simu haina haja ya kuuliza. Saa ikipita, nakala imechacha.

Tatizo kubwa liko kwenye no-cache, ambayo ni rahisi mno kuifasiri "usihifadhi". Hiyo ni kazi ya no-store. Agizo la no-cache linaruhusu kuhifadhi, ila linakataza kutumia nakala kabla ya kuiuliza seva. Jina lenyewe la Kiingereza linapotosha, na sisi hatulazimiki kurithi upotoshaji huo. Napendekeza no-store iwe "usiweke", na no-cache iwe "weka, uliza kwanza". Kuuliza kwenyewe ni kwa bei nafuu: simu hurudisha ile alama ya ETag iliyopewa awali, ikiwa ndani ya kichwa cha ombi kiitwacho If-None-Match, na kama hakuna kilichobadilika seva hujibu 304 bila kutuma tena mwili wa jibu. Bando la mtu linapona.

Asiyeandika agizo lolote ameiachia kache ikisie. RFC 9111 inataja asilimia 10 ya muda uliopita tangu Last-Modified, tarehe ambayo ukurasa ulibadilishwa mara ya mwisho, kuwa kadirio la kawaida. Ukurasa uliokaa siku 100 bila kuguswa unaweza basi kutumika siku 10 bila seva kuulizwa, na mkulima akasoma bei ya mnada uliokwisha pita akidhani ni ya leo.

Bei ni ya wote, lakini salio la mkulima huyo katika chama chake cha msingi ni lake peke yake, na lina masharti mengine. Agizo la private huzizuia kache za pamoja, kama ile ya seva ya njiani, zisiliweke, likabaki kwenye simu yake tu. Kama simu hiyo inashikwa na nyumba nzima, iandikwe no-store.