Dola mia moja inafika ngapi Kindu?



Kila mwezi swali linarudi kwenye mikutano yetu: ndugu aliye Ulaya anasema ametuma dola mia, mama wa Alunguli anasema zimefika kasoro. Mara mingi hakuna mwenye kusema uongo. Feza imepita katika mikono mingi, na kila mkono umekata kitu. Tuangalie jambo hili lilitoka wapi.

Mwaka wa 1967 serikali ya Mobutu ilitoa zaire, na zaire moja ilikuwa sawa na dola mbili. Mwisho wa Desemba 1979 noti za zaire 5 na 10 zilifutwa. Watu walipewa siku chache na kiasi kidogo cha kubadilisha. Mwenye kukaa mbali na benki, kama watu wa vijiji vyetu, alibaki na karatasi tupu. Mwaka wa 1993 ikaja zaire mpya: moja yake ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Mwaka wa 1998 ikaja franka ya Congo: moja yake ilikuwa zaire mpya 100,000. Njo maana wazazi wetu walijifunza kuweka akiba katika dola, hata kama mshahara unakuja katika franka.

Franka ilikuwa haijamaliza miezi minne wakati Kindu ilianguka mikononi mwa RCD, Oktoba 1998. Barabara na reli zilikatika, mashamba ya kando ya mji hayakufikika, vitu vilikuja kwa ndege. Feza ilikuja kwa phonie. Mtu alilipa kwenye ajansi ya mji mwingine, wakasema jina na kiasi kwa redio, na hapa Kindu wakatoa feza iliyokuwa kwenye sanduku. Noti yenyewe haikusafiri. Bei ya kazi hiyo aliipanga mwenye ajansi, na mpokeaji hakuwa na pa kuuliza.

Kwa upande wa Kinshasa, mwanzo wa 1999 serikali ilikataza kulipana kwa dola. Bei ya serikali ikaenda mbali na bei ya barabarani. Mei 2001 franka iliachiwa itembee: kwa bei ya serikali, dola ilitoka franka 50 mpaka zaidi ya 300. Kisha ikatulia karibu na 900 kwa miaka mingi, ikapanda tena toka 2016.

Amani iliporudi, na watu wakirudi, ajansi ziliongezeka. Mwaka wa 2012 M-Pesa ilifika Congo, na leo feza inaingia hata kwenye simu. Mwendo umepungua, lakini mikato iko, na ni mitatu.

Wa kwanza ni ada ya mtumaji. Nchi za dunia zilipatana kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma isizidi asilimia 3. Kwa Afrika yetu ya kusini mwa Sahara bado iko karibu asilimia 8, kuliko sehemu nyingine zote za dunia.

Wa pili ni bei ya kubadilisha. Huu hauandikwi kwenye karatasi. Tuseme kambisti anatoa franka 2,250 kwa dola, na anayekulipa anahesabu 2,180. Kwa dola mia umepoteza franka 7,000, hata kama walikuambia hakuna ada.

Wa tatu ni wa kutoa: ada ya simu, na tena noti. Dola yenye kupasuka kidogo sokoni wanaikataa, ao wanaipokea kwa bei ya chini.

Mwisho wa 2025 tuliona jambo ambalo vijana hawakulizoea: franka ilipata nguvu, dola ikashuka kutoka karibu 2,800 mpaka karibu 2,200. Mwenye kupokea dola na kulipa deni la franka alipungukiwa, maana bei za sokoni hazikushuka kwa mwendo uleule. Wafadhili wetu wakumbuke hili pia: bajeti ya dola iliyopangwa Januari si ile inayolipa karo ya watoto Desemba.

Kwa hiyo tunaomba mambo mane. Mtumaji asiseme "nimetuma mia". Aseme ni franka ngapi ao dola ngapi zitatoka mkononi mwa mpokeaji. Mpokeaji aulize bei kwa makambisti wawili kabla ya kukubali. Kama deni ni la dola, chukua dola. Usibadilishe mara mbili. Na hesabu noti mbele ya aliyekupa, uzitazame pande zote.

Tuandike kila kiasi kilichotumwa na kilichofika, tukilete mkutanoni. Mtu mmoja akilalamika, wanasema hajui kuhesabu. Tukiwa na daftari ya familia nyingi, tutakuwa na neno la kuweka mezani.