Minazi 41

Kwa miaka 11 kazi yangu ilikuwa kushika ncha ya mnyororo. Mpima ardhi alisimama nyuma ya chombo chake cha miguu mitatu, kafumba jicho moja, nami nikienda vichakani nikiburura chuma kile mpaka aliponipungia mkono nisimame. Hapo vibarua walichimba shimo, wakamimina zege na kusimika nondo katikati. Hilo ndilo jiwe la mpaka. Kabla ya jiwe mahali pale paliitwa shamba. Baada ya jiwe paliitwa kiwanja, tena chenye namba. Hivyo ndivyo nilivyouona mji wa Tanga ukikua.

Mistari ilianza kupigwa zamani. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka hapa mwaka 1893, na mwaka huo huo Richard Hindorf akaleta miche ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mambo hayo mawili, reli na mkonge, ndiyo yaliyoufanya mji. Reli iliugawa: upande wa bahari bandari, ofisi na maduka, upande wa pili Ngamiani, ambako mitaa ilipewa namba badala ya majina. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa Tanga anakaa wapi, atakujibu Barabara ya Saba, au ya Kumi na Tatu, nawe utajua utembee kiasi gani. Mimi niliyeishi kwa vipimo huzipenda namba zile, ingawa najua aliyezipanga hakuwa akimfikiria babu yangu. Alitaka watu wa kazi wakae mahali pamoja, karibu na kazi, mbali na upepo wa Ras Kazone.

Sensa ya 1967 ilikuta hapa watu elfu sitini na ushee, na kwa upande wa Bara ni Dar es Salaam tu iliyotuzidi. Lakini bei ya mkonge ilikuwa imekwisha kuanguka, maana dunia ilikuwa imepata kamba za nailoni. Tukaja kupata viwanda, vingine vikadumu, vingine vikafungwa milango, watu wakaendelea kuja. Wakati ule ule mji ulikosa mwenyewe: utaratibu wa madaraka mikoani ulioanza 1972 uliondoa halmashauri zilizochaguliwa, na mambo ya taka, mifereji na barabara za mitaa yakaamuliwa na maofisa waliokuwa na mkoa mzima mikononi. Wenye umri wangu wanazikumbuka barabara za wakati ule. Mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, na mwaka huo pia likakamilika bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ambalo ndilo linalotunywesha hadi sasa.

Mji uliorudishiwa baraza ulikuta watu wamekwisha kujenga kila palipokuwa na nafasi. Ikabidi kupimwe viwanja vipya, na kwa haraka. Ndipo nilipopelekwa, mwaka 1985, upande wa kusini kwenye njia ya Pangani, na ofisi ambayo sitaitaja. Nilipouona mchoro nilinyamaza. Viwanja 14 vilikuwa ndani ya shamba la shangazi yangu.

Sheria ya siku zile ilikuwa hivi: ardhi ni mali ya umma, basi anayeondolewa hulipwa alichokiongeza juu yake, yaani nyumba yake, kisima chake, miti yake. Ardhi tupu haikuwa na bei. Kwa hiyo tulihesabu. Minazi 41, miembe 3, mkorosho mmoja, kibanda cha makuti. Shangazi alitufuata mti hadi mti, kanga kajifunga kiunoni, akihesabu kwa sauti pamoja nasi ili tusimpunje. Tulipomaliza aliniita pembeni.

"Mwanangu, mmehesabu miti. Na hapa ilipoota je?"

"Hapa ni pa serikali, shangazi."

"Serikali ilikuwapo babu yako alipofyeka?"

Sikuwa na jibu, nikamwambia atie dole gumba. Alitia. Fedha zilichelewa karibu miaka miwili, na bei za vitu miaka ile zilipanda kila mwezi. Zilipofika zilitosha kununua bati za chumba kimoja. Akahamia kwa binti yake Ngamiani.

Sasa niseme lililo zito zaidi. Kati ya viwanja vile 14, kimoja nilipewa mimi. Watumishi tuliruhusiwa kuomba, niliomba, barua ya ofa ikatoka. Shangazi naye angeweza kuomba, lakini ada ilitakiwa kulipwa ndani ya siku chache, na fidia yake ilikuwa haijatoka. Nilijua hayo yote mawili nilipokuwa najaza fomu yangu. Sikumkopesha. Nilijiambia sina, na ni kweli sikuwa na nyingi.

Kichekesho ni kwamba kwa miaka kumi hakuna aliyejenga pale. Bomba la maji halikufika wala barabara haikuchongwa, na wenye ofa walikaa nazo sandukuni. Shangazi aliendelea kuja na kikapu kuangua nazi za minazi aliyokwisha lipwa, na hakuna aliyemfukuza. Alifariki 1997. Miaka miwili baadaye Bunge likapitisha Sheria ya Ardhi, na thamani ya ardhi yenyewe ikaingizwa kwenye fidia. Nilipoisoma nilimsikia akiniuliza tena.

Yaliyofuata wengi mnayajua. Mwaka 2005 tukaitwa jiji, jina lililotutangulia kidogo. Sensa ya 2012 ilitukuta 273,332. Ya 2022 ikatukuta 393,429. Tangu 2017, lilipowekwa jiwe la msingi la bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, bei za viwanja hazijui aibu. Bandarini kina kimechimbwa hadi mita 13 ili meli zifunge gatini badala ya kupakuliwa kwa matishari. Na maji, ambayo ndiyo sifa yetu mbele ya miji mingine, yamehitaji fedha mpya: Februari 2024 mamlaka ya maji ilianza kuuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12. Fedha hizo zitalaza mabomba. Nami ningeongeza kwamba bwawa hujazwa na misitu ya Usambara, na mwenye shamba huko juu naye huombwa asilime kando ya mto. Sijui kama yeye humhesabia miti tu.

Nilijenga mwaka 2003. Mwaka jana vijana wa upimaji walipita, chombo chao kinaongea na satelaiti, wakaniuliza kama nalijua jiwe la pembe ya kaskazini. Niliwapeleka moja kwa moja. Liko chini ya mnazi, mmoja wa wale 41, mrefu sasa hata wakwezi wanaukataa. Nazi zikidondoka zenyewe, wajukuu wa shangazi huja kuziokota. Hupita getini bila kubisha hodi, na mke wangu amekwisha kuacha kuniuliza kwa nini.