Asiyekuwepo na Lake Halipo: Tujue Mkutano wa Kwenda

Mwaka jana nilikaa katika baraza la chifu tangu saa tatu asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Kilio cha mtaa kilikuwa kimoja: zahanati haina dawa. Tulisema tukachoka. Mwisho chifu, mtu muungwana, akatujibu kuwa zahanati si yake, ni ya kaunti.

Wiki mbili baadaye ukaitishwa mkutano wa bajeti ya kaunti kwenye wadi yetu. Tuliofika hatukuzidi kumi na mmoja. Kina mama waliolalama barazani hawakuwa na habari, nami niliyekuwa na habari sikuwapitishia. Zahanati haikutajwa hata mara moja. Lawama hiyo naibeba mwenyewe, na ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Ndugu msomaji, chifu ni mtumishi wa serikali ya kitaifa. Barazani kwake peleka mambo ya usalama na vitambulisho. Zahanati, chekechea, masoko, maji, taka na barabara za kaunti ni kazi ya kaunti, na mikutano yake mashinani huitishwa na msimamizi wa wadi au bunge la kaunti.

Mikutano hii si hisani ya mtu. Katiba ya 2010, kifungu cha 196, inalilazimu bunge la kaunti kufanya kazi zake kwa uwazi na kushirikisha umma. Kifungu cha 201 kinataka hivyo hivyo katika fedha za umma.

Shika tarehe hizi. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufika kabla ya mwisho wa Februari. Makadirio ya bajeti hufika kabla ya mwisho wa Aprili, na hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Wengi wetu huzinduka Mei, wakati miradi imeshapangwa. Mwenye haja ya zahanati aanze kusema kabla ya Septemba.

Ukifika, usitosheke na kutia saini kwenye orodha. Saini inaonyesha ulikuwepo tu, haionyeshi ulisema nini. Andika hoja yako kwenye karatasi, ikabidhi, na ubaki na nakala. Ukitaka kumbukumbu za mkutano, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa kaunti.

Kama wadhani haya ni maneno matupu, tazama Lamu. Juni 2019, Jopo la Kitaifa la Mazingira (National Environment Tribunal) lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Walioshinda hawakuwa matajiri. Walihudhuria, wakauliza, wakaandika.

Waliotutangulia walisema asiyekuwepo na lake halipo. Safari hii nikisikia tangazo la mkutano, nitalipeleka msikitini, sokoni na kwa kina mama wa chama kabla sijalala. Nawe mpitishie jirani yako.