Kwashakoo

Kwashakoo ni utapiamlo mkali wa watoto wadogo: miguu na uso huvimba, nywele hubadilika rangi na ini hujaa mafuta. Neno hili asili yake ni lugha ya Ga ya Accra, Ghana, linakotaja maradhi ya mtoto aliyeachishwa ziwa mdogo wake anapokuja. Daktari Cicely Williams alilitumia katika jarida la Lancet mwaka 1935.

Madhara ya ini yanahusiana na yanayotokea ndani ya seli, hasa kwenye mitokondria, vinu vinavyochoma mafuta na kuzalisha ATP, molekuli inayobeba nishati. Utafiti wa mwaka 2016 ulihusu panya waliolishwa chakula chenye protini asilimia 5 tu. Peroksisomu, ambazo nazo husaga mafuta, zilipungua. Utendaji wa mitokondria ukazorota, ATP ikashuka na mafuta yakarundikana. Ini likikosa nishati hushindwa kutengeneza glukosi ya kutosha, ndiyo maana sukari ya mgonjwa huweza kushuka ghafla.

Upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu kuhusu kwashakoo, lakini mlo wa nafaka tupu ni hatari. Mahindi, kwa mfano, hayana lisini ya kutosha, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini. Makande, chakula maarufu cha Wapare wa Same, Tanzania, huyachanganya na maharage yenye lisini nyingi. Mahindi nayo huongeza methionini, asidi amino nyingine iliyo haba katika maharage.